Msamaha, Mchango na Jamii: Istilahi za Bima ya Afya

Tangu mwaka 2021, sheria ya Tanzania ilipoagiza kwamba Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, istilahi za bima ya afya zimeacha kuwa maneno ya matangazo tu. Ni maneno yanayompa mtu haki au kumnyima. Na kwa kuwa Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, yafaa tuyatazame kwa ukali kuliko tulivyozoea.

Neno bima lenyewe halina ubaya. Asili yake ni Kiajemi, likatufikia kwa njia ya lugha za Wahindi, na watu walikwisha kulizoea katika biashara na magari kabla halijaingia hospitali. Ugomvi wangu ni na jamaa zake.

Nianze na msamaha. Uchangiaji wa gharama ulipoanza katika hospitali za serikali mwaka 1993, wajawazito, watoto walio chini ya miaka mitano na wazee wasiojiweza waliwekwa katika fungu la wasiolipa. Utaratibu huo ukaitwa misamaha. Lakini katika Kiswahili husamehewa aliyekosa, au mwenye deni. Mjamzito amemkosea nani? Mtetezi wa neno hili atasema kwamba hata kodi husamehewa, na aliyesamehewa kodi hakuiba kitu. Ni kweli. Hata hivyo kodi humpasa mtu kwanza, ndipo mwenye mamlaka akamwondolea. Ilhali mtoto wa miaka miwili hakupasiwa kulipa tangu mwanzo. Tena tuangalie neno linavyofanya kazi mahali pake. Mzee anayefika dirishani akisema "naomba msamaha" amekwisha kujishusha, na karani anayelisikia ombi hilo atadhani kwamba yeye ndiye mwenye kusamehe, na kwamba akipenda aweza kukataa. Sera imetoa haki, istilahi imeigeuza kuwa hisani. Napendekeza "stahili ya kutolipa". Ni maneno matatu badala ya moja, nakiri, lakini hakuna hata moja linalomfanya mgonjwa apige magoti.

Neno mchango lina kesi ngumu zaidi. Wapo wanaolipinga kwa hoja kwamba mchango hutolewa kwa hiari, harusini na msibani, na asiyeweza hutoa udhuru. Ilhali mtumishi wa serikali, chini ya mpango wa Bima ya Taifa ulioanza mwaka 2001, alikatwa asilimia 3 ya mshahara kabla haujamfikia, na mwajiri akaongeza 3 nyingine. Hayo, wasema, ni makato. Mimi siwafuati. Makato ni jina la fedha hizo kwa macho ya mkatwaji peke yake; sehemu ya mwajiri haikukatwa kwa mtu. Mchango unasema jambo la maana, kwamba wengi wanatia mahali pamoja ili mmoja atakayeugua apate.

Kosa liko kwingine. Kitenzi hicho hicho tumekitumia kwa jambo lililo kinyume chake. Anayechangia mfuko hulipa akiwa mzima, na fedha yake huenda ikamtibu asiyemjua. Anayeambiwa "changia gharama" hulipa akiwa mgonjwa, kwa ajili ya mwili wake mwenyewe, na asipokuwa nacho harudi na dawa. Hiyo ni ada, wala si mchango. Tumeivika ada vazi la ujirani mwema, na matokeo yake mwalimu anayewaeleza wanakijiji faida ya bima huulizwa: "Si tunachangia tayari?" Hana jibu fupi, maana lugha imemnyang'anya. Ajabu ni kwamba maneno mazuri yamo katika uwanja huu huu: "malipo ya papo kwa papo" yaeleza ada ya dirishani bila kuficha kitu, na ruzuku ya "tele kwa tele", ambayo serikali iliongeza juu ya fedha walizotia wananchi, ni istilahi ambayo asiyesoma aweza kuielewa.

Sasa jamii. Neno hili limebebeshwa mizigo mitatu. Wataalamu huita "afya ya jamii" taaluma ya kukinga maradhi ya watu wote: maji, chanjo, vyoo. Tanzania ikaita "Mfuko wa Afya ya Jamii" ule mfuko uliojaribiwa kwanza Igunga mwaka 1996 na kuwekewa sheria mwaka 2001, ambao kaya zilijiunga kwa hiari katika halmashauri zao. Kisha Kenya, mfuko wa hospitali wa mwaka 1966 ulipofikia kikomo mwaka 2024, ikaweka mahali pake Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo kwayo mwajiriwa hutozwa kwa lazima asilimia 2.75 ya mshahara wote. Mfasiri wa Dodoma akisoma taarifa ya Nairobi atadhani anasoma habari za mfuko wa hiari wa wilaya. Ningeshauri "afya ya umma" kwa mzigo wa kwanza, jina la jamii libaki kwa mfuko wa wakazi wa mahali pamoja, na ule wa lazima kwa nchi nzima uitwe bima ya kijamii. Kiambishi ki- ni kidogo, lakini hapa kina kazi.

Kuhusu mtegemezi, nimesikia malalamiko kwamba neno laweza kumaanisha anayeegemea na vilevile anayeegemewa. Sarufi yaruhusu yote mawili: lea hutoa mlezi, basi tegemea hutoa mtegemezi, lakini ongoza hutoa kiongozi, na tegemeza nalo laweza kudai mtegemezi wake. Matumizi yamekwisha kuamua, na sioni haja ya kuyapinga. Fomu ziandike tu, chini ya neno hilo, ni nani hasa wanaohesabiwa: mtoto wa kuzaa, wa kuasili, mzazi wa mchangiaji.