Mzimu Usio na Kaburi: Juu ya Sinema ya Simba wa Tsavo

Neno mzimu katika Kiswahili si neno la kutisha tu. Mzimu ni roho ya mtu aliyekufa, tena mara nyingi ni mahali pake pia, mti au pango watu waendapo na sadaka. Kwa hiyo mtu akiambiwa kwamba mzimu umeonekana, huuliza mambo mawili: Ni wa nani? Wataka nini? Jini na pepo ni jamii nyingine, na mzuka ni kile kizukacho ghafula kisha kikatoweka. Twaanza na maneno haya kwa kuwa sinema iitwayo The Ghost and the Darkness, iliyotolewa mwaka 1996, yaweza kupimwa kwayo, hasa ikitazamwa na watu wa Karatu na Ngorongoro, ambao kwao simba si hadithi.

Habari yake yajulikana na wengi. Mwaka 1898, reli itokayo Mombasa kwenda Uganda ilipofika mto Tsavo, simba wawili madume waliwavamia wajenzi wa daraja, Wahindi na Waafrika, usiku baada ya usiku, hata kazi ikasimama. Msimamizi, John Henry Patterson, aliwaua wote wawili mwezi wa Desemba mwaka ule ule, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1907. Mwongozaji Stephen Hopkins aliifanya kuwa sinema, kwa mchezo ulioandikwa na William Goldman.

Na tuyataje kwanza yaliyo mema, kwani si machache. Watengenezaji walijua kwamba hofu hukaa katika kisichoonekana. Majani marefu yatikisika, wala hapana upepo. Sauti yasikika upande huu, na mtu anyakuliwa upande mwingine. Sauti hizo zilifanywa kwa ustadi hata zikapewa tuzo ya Oscar. Tena kuna mtego wa behewa: watu watatu wenye bunduki wafungiwa nyuma ya vyuma, simba aingia, nao kwa hofu wapiga risasi ovyo, wala hawampati, mpaka mlango wafunguka akatoka salama. Jambo hilo latoka katika kitabu chenyewe. Katika sehemu hizi mtazamaji hushika pumzi, wala hawezi kusema kwamba amedanganywa.

Sasa tuje kwenye kasoro. Ya kwanza ni ndogo: simba wa sinema wana manyoya marefu shingoni, na wale wa Tsavo hawakuwa nayo, kama awezavyo kuona kila aendaye Chicago, katika jumba la Field Museum walikowekwa. Ya pili ni kubwa kidogo. Mwindaji Remington, aliyechezwa na Michael Douglas, hakuwapo kamwe; alibuniwa, na tangu afikapo hadithi yaacha kambi ya wafanya kazi ikawa habari ya mashujaa wawili wa Kizungu. Hao walioliwa wabaki kuwa kelele za usiku, watu wasio na majina.

Kasoro ya tatu ndiyo tuionayo kuwa nzito. Patterson aliandika kwamba wafanya kazi waliwaamini simba wale kuwa roho za watu wakuu wawili wa nchi waliokufa, waliokasirika kwa reli kupitishwa katika nchi yao. Basi hapo maswali yetu mawili yamekwisha kujibiwa. Mizimu ile ilikuwa na wenyewe, nayo ilikuwa na dai. Sinema yagusa jambo hilo kwa maneno machache, kisha yakimbilia bunduki. Badala ya dai yatupa pango lililojaa mifupa, na Remington asema kwamba wanyama hawa huua kwa kupenda tu. Lakini simba hawana desturi ya kuweka akiba ya mifupa pangoni. Hivyo huyu si simba wa kweli, wala si mzimu wa kweli. Ni mzuka uliokosa mwenyewe.

Mtu wa Ngorongoro hawezi kuridhika na mzuka wa namna hiyo. Wadatoga, waliokaa kreta kabla Wamaasai hawajawaondoa katika karne ya 19, humjengea mzee mheshimiwa kaburi la kichuguu liitwalo bung'eda, na aliyelala pale hukumbukwa kwa jina lake na ukoo wake. Wairaqw wa Karatu nao hutenga roho za wafu wao na pepo wakaao katika maji. Kwa watu hawa, anayekuja kutoka upande wa wafu ana anwani.

Wala hili si jambo la wana lugha peke yao. Tangu mwaka 1959 Ngorongoro imewekwa kuwa nchi ya watu na wanyama pamoja. Mwezi wa Agosti 2021 watoto watatu, waliokwenda kutafuta ng'ombe waliopotea baada ya masomo, waliuawa na simba huko. Mtoto anayechunga atafaidika akijua kwamba simba huua kwa njaa, kwa jeraha, au kwa kushtushwa, na kwamba kuna saa na vichaka vya kuepukwa. Akifundishwa kwamba simba ni shetani apendaye damu, hana la kujilinda nalo ila hofu, na baba yake hana la kufanya ila kisasi. Hesabu nayo yafunza: Patterson alitaja watu 135 walioliwa, lakini wachunguzi waliopima mifupa na manyoya ya simba wale walikisia, mwaka 2009, watu 35 hivi. Hofu ilizidisha karibu mara nne.

Hukumu yetu basi ni hii. Sinema hii yafaa kutazamwa kwa ustadi wake wa kutia mashaka, wala hatumzuii mtu. Lakini katika vibanda vya video hapa nchini kuna desturi ya msimulizi anayeitafsiri picha kwa Kiswahili, akiongeza lake. Tungependa msimulizi huyo, afikapo penye pango, awaambie watu habari ya wale wakuu wawili na nchi yao iliyokatwa na reli. Kwa maneno hayo machache atairudishia picha kitu ambacho watengenezaji waliacha.