Mstari wa Tatu

Kuna sare moja ya sataranji inayohesabiwa kuwa ushindi. Katika baadhi ya mashindano, pande mbili zikilingana alama mpaka mwisho, mshindi huamuliwa kwa mchezo mmoja wa kasi uitwao Armagedoni: mweupe hupewa muda zaidi, mara nyingi dakika 5 kwa 4 za mweusi, lakini mweusi akipata sare ndiye aliyeshinda.

Mchezo wa namna hiyo niliutazama mjini Homa Bay. Binti wa pale alishika vyeusi, na mvulana aliyetoka Migori akashika vyeupe. Mwanzo na katikati sitausimulia sana. Vipande vilikwisha kwa haraka na kwa vurugu, kama ilivyo kawaida mikono inapokimbizana na saa. Mwishowe ubaoni vikabaki vitano tu: wafalme wawili, ngome mbili, na askari mmoja mweupe aliyekwisha kuvuka nusu ya ubao, mfalme wake akiwa kando yake. Binti alibakiwa na sekunde zisizofika 40.

Hapo ndipo mtu hutofautishwa na mwenzake. Anayeogopa huanza kumshambulia mfalme wa adui ovyo, shambulio juu ya shambulio, mradi aone anafanya jambo. Binti hakushambulia hata mara moja. Aliipeleka ngome yake kwenye mstari wa tatu kutoka upande wake, akaiacha huko ikienda kushoto na kurudi kulia, nyumba moja, nyumba moja. Mfalme mweupe hawezi kuukanyaga mstari huo, na asipopanda, askari wake hana wa kumfungulia njia.

Mbinu hiyo ina umri mkubwa. Ilielezwa katika karne ya 18 na Philidor, Mfaransa aliyekuwa pia mtunzi wa opera, na hadi leo inaitwa kwa jina lake. Sehemu yake ya pili ndiyo ngumu kwa moyo. Askari akisogea kuingia mstari huo wa tatu, ngome haina tena kazi hapo. Lazima ishuke mara moja hadi mwisho wa ubao na kuanza kumpiga mfalme kwa nyuma. Ikishuka mapema, mfalme mweupe hujificha mbele ya askari wake. Ikichelewa, mfalme huyo huingia, na mweusi amekwisha.

Mvulana wa Migori naye alikuwa fundi, na hilo lisisahaulike. Hakumsukuma askari. Alizungusha ngome yake akingoja, kwa sababu katika mchezo wa kasi usioongeza sekunde, muda wa mweusi ukiisha amepoteza hata kama ubao wenyewe ni sare. Askari mmoja wa mweupe anatosha kumpa ushindi. Kwa hiyo binti alikuwa na kazi mbili: kutokosea, na kutokawia.

Nikamtazama mkono. Kanuni inataka saa ibonyezwe kwa mkono uleule uliosogeza kipande, na kipande ukikigusa huna budi kukicheza. Wengi wetu huku tumekulia drafti ya stendi za bodaboda, ile ya vizibo vya soda, ambako kete hupigwa ubaoni kwa kishindo ili mpinzani atishike. Mkono wa binti haukuwa na kishindo. Vidole viwili vilishika ngome, vikaitelezesha, vikaenda kwenye saa, vikarudi kukaa ukingoni mwa meza, mbali na vipande. Kuangusha kipande ni kukisimamisha tena kwa sekunde zako mwenyewe.

Utulivu wa hivyo si wa kuzaliwa nao. Na ujasiri mbele ya saa si wa aina moja: katika michezo ya kasi iliyoamua ubingwa wa dunia kule Astana, tarehe 30 Aprili 2023, Ding Liren wa China angeweza kuridhika na sare katika mchezo wa nne dhidi ya Nepomniachtchi. Saa ikimbana, aliweka ngome mbele ya mfalme wake mahali isipoweza kusogea tena, akakataa sare, akawasukuma askari wake wa pembeni hadi mwenzake akasalimu amri. Ding alihitaji ujasiri wa kuendelea. Binti wa Homa Bay alihitaji ujasiri wa kungoja, na huu wa pili hupigiwa makofi machache mno.

Askari akasogea. Ngome ikashuka palepale, bila kusita, ikaanza kupiga kutoka nyuma: mfalme kushoto, mfalme kulia, hana pa kujificha. Nafasi ileile ilipojirudia mara ya tatu, binti alisimamisha saa akamwita mwamuzi. Zilibaki sekunde sita.

Walishikana mikono, kisha mvulana akavipanga upya vile vipande vitano. “Dada, ngome yangu ningeiweka wapi?”

“Hakuna mahali,” akamjibu. “Ungenizuia mapema, kabla sijafika mstari wa tatu.” Akarudisha ngome nyuma hatua mbili, wakaanza kutafuta.