Kodiani Ugenini

Upande wa kaskazini wa Kolombia, katika nchi inayozunguka mji wa Valledupar, umo muziki uitwao vallenato. Vyombo vyake vya asili ni vitatu tu: kodiani, ambayo nasi twaifahamu katika taarab ya Unguja, kijigoma kiitwacho caja, na guacharaca, ufito wenye mikato unaokwaruzwa kwa uma wa waya. Zamani mpiga kodiani alikuwa mpeleka habari. Alitoka kijiji hata kijiji akiimba nani kafa, nani kaoa, nani kamdhulumu nani. Emiliano Zuleta alipotaka kumshinda hasimu wake, Lorenzo Morales, alimtungia wimbo wa "La gota fría". Sisi tuliolelewa na mashairi ya kujibizana twautambua mchezo huo mara moja, ila wenzetu hao walishindana kwa ulimi na kwa vidole pamoja.

Mwaka 1993 Carlos Vives aliurekodi upya wimbo huo kwa magitaa ya umeme, ukapata sifa kubwa. Miaka michache baadaye, huko Los Angeles, Marekani, ndugu wawili wenye asili ya Kolombia, Ricardo na Arturo Guzmán, waliunda kundi la Very Be Careful. Wao wakashika njia nyingine. Ricardo hupiga kodiani, Arturo besi, na kijigoma na guacharaca vingalipo. Mlio wao ni mkavu, wa barazani kuliko wa jukwaani.

Wapo wanaowasifu kwa ukavu huo tu. Sisi hatuoni kuwa hiyo ndiyo sifa yao kubwa, kwani mlio wa kale huweza kuigwa na fundi yeyote mwenye sikio. Swali lililo gumu ni hili: muziki ambao roho yake ni majina ya watu na vijiji utaishije mbele ya hadhira isiyomjua hata mmoja wao? Katika parranda, yaani makutano yao ya asili, watu hukaa wakasikiliza, na kisa cha wimbo huelezwa kwanza. Los Angeles watu hucheza, na maneno ya Kihispania huwapita wengi wao. Hapo pana hasara, wala si ndogo.

Hata hivyo, kwao nako si salama. Mwaka 2015 UNESCO iliiweka vallenato ya asili katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, kwa kuwa mitindo mipya yaisukuma kando na parranda za mitaani zapungua.

Lililotuvuta zaidi ni kwamba baadhi ya nyimbo za kundi hili zimetungwa na mama yao hao ndugu wawili. Mzazi anayewatungia wanawe ugenini, nao wakazichukua nyimbo zake ukumbi hata ukumbi, amewarudishia kazi ya yule mpeleka habari. Twazipenda hizo kuliko za kale wanazozirudia kwa ustadi. Mwalimu atakayewasikilizisha wanafunzi wake muziki huu na aanze na nyimbo za mama huyo. Awaeleze kwanza maana ya maneno, ndipo awaache wacheze.