Kufuta, Kutengua na Kuuzulu: Istilahi za Kuondoka kwa Mawaziri

Katika kurasa hizi tumezoea kujadili istilahi za sayansi, za ufundi na za biashara, yaani maneno ambayo hayakuwamo katika lugha na hapana budi yaundwe au yatoholewe. Mara hii twataka kuyatazama maneno ambayo yamo tayari, tena husikika redioni kila Rais anapolibadili Baraza lake la Mawaziri. Kasoro yake si uchache bali ni wingi. Waziri hujiuzulu, huachia ngazi, huwajibika, huwajibishwa, hutumbuliwa, humwaga unga. Uteuzi wake hutenguliwa, na pengine Baraza zima huvunjwa. Taarifa ya habari inapokwisha, msikilizaji anajua nani ametoka na nani ameingia, lakini aghalabu hajui ni nani aliyeamua. Na hilo ndilo alilostahili kuambiwa kwanza.

Tuanze na kuvunja. Tarehe 7 Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alilitangazia Bunge kwamba amemwandikia Rais Jakaya Kikwete kuomba kujiuzulu, baada ya ripoti ya Kamati Teule ya Bunge juu ya mkataba wa umeme wa Richmond. Mawaziri wawili, Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha, walijiuzulu pia. Mizengo Pinda akashika nafasi ya Waziri Mkuu, na tarehe 12 Februari Baraza jipya likatangazwa. Habari hiyo ilienea kwa maneno kwamba Rais "amevunja Baraza la Mawaziri".

Sasa tuifungue Katiba ya mwaka 1977. Ibara ya 57 yaeleza kwamba Waziri Mkuu akijiuzulu, viti vya Mawaziri na Naibu Mawaziri huwa wazi. Basi siku ile halikuhitajika tendo la Rais la kuvunja chochote. Viti vilikuwa wazi kwa nguvu ya Katiba yenyewe. Kinachovunjwa, kwa lugha ya Katiba, ni Bunge. Tofauti hii si ya kuchezea maneno. Ukisema Rais amelivunja Baraza, sifa na lawama zote umezielekeza kwake. Ukisema viti vimekuwa wazi kwa sababu Waziri Mkuu amejiuzulu, umemwonyesha mwananchi kwamba uchunguzi wa Bunge lake ulizaa matokeo.

Neno hilo limewatatiza jirani zetu pia. Tarehe 11 Julai 2024 Rais William Ruto wa Kenya aliwaondoa mawaziri wote isipokuwa Musalia Mudavadi, na ikasemwa vivyo hivyo kwamba baraza limevunjwa. Kabla ya mwezi huo kwisha, baadhi ya walioondolewa walikuwa wamekwisha pendekezwa tena. Kilichovunjwa hakirudi kilivyokuwa. Kiti kilichoachwa wazi chaweza kukaliwa na yule yule.

Neno la pili ni kutengua, nalo ndilo linalotushughulisha zaidi, maana limekwisha ingia katika taarifa rasmi. Katiba, katika ibara ile ile ya 57, hutumia kitenzi kufuta: Rais hufuta uteuzi na kumwondoa Waziri katika madaraka. Taarifa za siku hizi husema Rais "ametengua uteuzi". Je, ni mamoja?

Mahakama inapotengua matokeo ya uchaguzi, huhesabiwa kwamba uchaguzi ule haukuwa halali tangu mwanzo. Tukilichukua neno kwa maana hiyo, Waziri ambaye uteuzi wake umetenguliwa atakuwa hakuwa Waziri. Na kanuni alizotia saini, je? Zitakuwa za nani? Wapo watakaotujibu kwamba udhu pia hutenguka, wala swala iliyokwisha kuswaliwa haibatiliki kwa hilo. Hoja hiyo ni nzuri, nasi twaikubali. Lakini inathibitisha neno letu: kutengua kuna maana mbili, moja yarudi nyuma na moja hairudi, na istilahi ya sheria haifai kuwa na milango miwili. Kufuta uteuzi hakuna utata huo, na Katiba imekwisha tutangulia.

Lakini lililo zito zaidi ni lile la nani aliyeamua. Tarehe 20 Desemba 2013, bungeni Dodoma, ilijadiliwa ripoti ya kamati ya Bunge juu ya Operesheni Tokomeza, iliyokusudiwa kupambana na ujangili ikaishia kuwaumiza raia. Waziri wa Maliasili na Utalii, Khamis Kagasheki, alitangaza kujiuzulu. Kisha Waziri Mkuu Pinda akatangaza kuondolewa kwa wenzake watatu: Shamsi Vuai Nahodha, Emmanuel Nchimbi na Mathayo David Mathayo. Mmoja alisimama akasema mwenyewe, watatu walisemewa. Hata hivyo wanne hao wametajwa mara nyingi kwa mkupuo mmoja, kwamba "wamewajibika".

Neno kuwajibika lilistahili matumizi bora kuliko hayo. Ali Hassan Mwinyi alipojiuzulu Uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977, kwa sababu ya mahabusu waliofia mikononi mwa vyombo vya dola huko Kanda ya Ziwa, hakuwa yeye aliyetenda. Alibeba dhamana ya waliotenda chini yake. Huko ndiko kuwajibika. Tukimwita aliyefukuzwa kuwa naye "amewajibika", tumempa heshima asiyoichuma, na tumempunguzia aliyeichuma.

Ajabu ni kwamba dawa imo ndani ya lugha yenyewe. Kujiuzulu ni kitenzi chenye kiambishi cha kujirejea, -ji-, juu ya shina uzulu lenye asili ya Kiarabu. Kamusi zetu hulieleza shina hilo: kuuzulu ni kumwondoa mtu katika cheo. Kwa hiyo tuna jozi kamili: aliyejiondoa amejiuzulu, aliyeondolewa ameuzuliwa. Kiambishi kimoja tu chatosha kumweleza msikilizaji yote. Sisi tumeitunza nusu moja ya jozi, nusu ya pili tukaiacha kamusini, kisha tukazunguka kutafuta misemo.

Tutaambiwa kwamba ameuzuliwa ni neno kali, na kwamba kutengua uteuzi kuna adabu, kwa kuwa hugusa karatasi bila kumgusa mtu. Adabu ya lugha yetu twaijua na twaipenda. Lakini adabu inayomficha mtendaji huwa pazia, na wananchi hawakuwaajiri viongozi nyuma ya pazia.

Twapendekeza, basi, yafuatayo. Katika hati za serikali itumike kufuta uteuzi, kwa kuifuata Katiba. Katika habari, aliyeondolewa aitwe ameuzuliwa, na aliyeondoka kwa hiari amejiuzulu. Kuvunja kuachiwe Bunge. Aliyepelekwa wizara nyingine asemwe kuwa amehamishwa, wala asifichwe katika "panga pangua". Kutumbuliwa, pamoja na kupigwa kalamu kwa wenzetu wa Kenya, kubaki katika masimulizi, ambako kuna utamu wake.

Lipo moja lisilotoshelezwa na jozi hiyo. Tarehe 24 Mei 2017, baada ya ripoti juu ya makinikia, Rais John Magufuli alimtaka hadharani Waziri wa Nishati na Madini, Profesa Sospeter Muhongo, aachie madaraka. Siku hiyo hiyo ikatolewa taarifa kwamba uteuzi wake umetenguliwa. Kama angejiuzulu katika saa zile chache, tungesemaje? Mitaani husemwa kujiuzulishwa, neno ambalo mtu hujitendea jambo kwa kutendeshwa na mwingine. Sarufi yalalamika, lakini ukweli umo. Sisi tungeandika kwa urefu: "amejiuzulu baada ya kutakiwa na Rais." Ni maneno mengi, lakini kila mmoja katika sentensi hiyo anaonekana mahali aliposimama. Wasomaji wenye neno bora zaidi wasisite kutuletea.