Kuupima Urithi wa Mtafuta Metali: Mwongozo kutoka Nyangwe

Utafutaji wa metali kwa mashine ni kazi ya masikio, mikono na kalamu, nayo, kama ufundi mwingine wowote, ina waliobobea na ina waliopita juu juu. Ubora wa mtafutaji hauonekani sawasawa akiwa hai, kwa kuwa maelezo yake ya mdomo huziba mapengo ya kazi yake. Huonekana pale anapokuwa hayupo tena kujieleza, wakati mwenzake, aliyezoea kushika kijembe huku yeye akishika mashine, anapoketi baada ya matanga kuondolewa mbele ya sanduku la marehemu na kulazimika kuamua kilichomo ni nini. Kumsifu rafiki wa namna hiyo kwa maneno ya jumla ni rahisi, na kila msiba una maneno hayo. Kumkumbuka kwa haki ni kuisoma kazi yake kwa ukali uleule aliokuwa akiisoma ya wengine, na mwongozo huu unaeleza namna ya kuisoma pale inapohusu ardhi kama ya Nyangwe, kwenye ukingo wa mashariki wa mto Lualaba, katika Maniema ya kusini nchini Kongo.

Mashine yenyewe, ambayo wachimbaji wengi huiita detekta, hutegemea umeme na sumaku. Waya uliozungushwa ndani ya sahani ya chini, unaoitwa koili, hupitisha mkondo unaobadilika-badilika na kutandaza nguvu ya sumaku ardhini. Metali iliyozikwa hujibu kwa mikondo yake midogo, na mashine huyageuza majibu hayo kuwa sauti. Alexander Graham Bell alijaribu chombo cha aina hiyo mwaka 1881, alipoitafuta bila mafanikio risasi iliyokuwa mwilini mwa Rais James Garfield wa Marekani, na mwaka 1941 mhandisi Mpolandi Józef Kosacki, aliyekuwa uhamishoni Uingereza, akabuni mashine ya kubebeka ya kutafutia mabomu ya ardhini. Katika Maniema adui wa kwanza wa chombo hiki ni udongo. Ardhi nyekundu iliyojaa madini ya chuma hujibu yenyewe, ikaipigisha mashine kelele mahali pasipo na kitu, na mtafutaji asiyeisawazisha mashine yake na udongo kila anapohama mita chache hurudi nyumbani na masikio yaliyochoka na mfuko mtupu. Ndiyo maana mashimo matupu yaliyoandikwa daftarini ni dalili njema: yanaonyesha mtu aliyekubali kuandika alipodanganywa na ardhi, si mtu aliyeandika ushindi tu.

Utajiri wa kihistoria wa Nyangwe hauna haja ya kutiwa chumvi. Msafiri David Livingstone alifika hapo Machi 1871 akakuta soko kubwa, ambalo wanawake wa nchi waliliendea kwa maelfu kwa miguu na kwa mitumbwi wakileta samaki, chumvi, vyungu na vyakula, na hapo ndipo alipoishuhudia, tarehe 15 Julai mwaka huohuo, mauaji yaliyofanywa kwa bunduki na watu wa wafanyabiashara waliotoka pwani, ambao wenyewe walikadiria kuwa waliokufa, wengi wao kwa kuzama mtoni, walikuwa kati ya 330 na 400. Verney Lovett Cameron alipita mwaka 1874, na mwishoni mwa 1876 Henry Morton Stanley aliondoka hapo pamoja na mfanyabiashara Tippu Tip kuelekea kaskazini. Tarehe 4 Machi 1893 majeshi ya Dola Huru ya Kongo chini ya Francis Dhanis, baada ya kukaa wiki kadhaa ng'ambo ya mto, yaliuvuka Lualaba na kuutwaa mji huo kutoka mikononi mwa wafanyabiashara wa pwani, na mji jirani wa Kasongo ukaanguka mwezi uliofuata. Ardhi ya namna hii ina tabaka za biashara, za vita na za maisha ya kawaida zilizolaliana ndani ya sentimita chache, na kitu kinachotolewa humo bila kuandikwa kilikolala huwa kimeng'olewa katika historia hiyo yote.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kutazamwa sandukuni ni daftari. Mpimaji hutafuta humo mambo manne kwa kila kitu kilichopatikana: mahali, kina, aina ya udongo, na vilivyolala jirani. Mahali pasemwe kwa namna ambayo mtu mwingine anaweza kupafikia, ama kwa namba za setilaiti, ama kwa hatua zilizohesabiwa kutoka kwenye alama isiyohama. Maneno kama "karibu na mwembe mkubwa" hayatoshi, maana mwembe hukatwa. Kina huandikwa kwa sentimita kabla ya kitu kuinuliwa, si baadaye kwa kukisia. Ukurasa uliochafuka kwa udongo, wenye mwandiko wa haraka na masahihisho yaliyofutwa kwa mstari mmoja ili neno la kwanza libaki likisomeka, ni bora kuliko nakala safi iliyoandikwa nyumbani, na hapa Livingstone mwenyewe ni shahidi. Shajara yake ya Nyangwe aliiandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino uliotokana na matunda, ikafifia hata isisomeke, mpaka wataalamu walioongozwa na Adrian Wisnicki walipoipiga picha kwa mwanga wa rangi mbalimbali na kuichapisha mwaka 2011. Ndipo wasomaji wakaweza kuyalinganisha aliyoyaandika siku ya tukio na yale yaliyokuja kuchapishwa kitabuni baada ya kifo chake. Maandishi ya shambani hayana mbadala.

Mfano unaothibitisha thamani ya daftari kuliko mwingine wowote unatoka mbali, kwenye uwanja wa vita wa Little Bighorn nchini Marekani, ambako askari wa serikali na wapiganaji wa makabila ya wenyeji walipigana Juni 1876. Baada ya moto kuunguza majani ya uwanja huo mwaka 1983, wanaakiolojia Richard Fox na Douglas Scott waliwapanga watu wenye mashine katika mistari, kila sauti ikawekewa kibendera, na kila risasi ikaandikwa ilipolala kabla ya kuinuliwa. Kwa kufuata alama za bunduki mojamoja kwenye maganda, waliweza kueleza jinsi wapiganaji walivyohama kutoka kilima hadi kilima, jambo ambalo risasi hizohizo, zikiwa zimemwagwa tu katika kopo, zisingeweza kulisema hata kidogo.

Baada ya daftari huja chuma, na katika Maniema hapa ndipo kipimo kilipo kikali. Karibu mashine zote za kisasa zina kichujio, yaani mpangilio unaozima sauti ya chuma ili mtafutaji asikie shaba, fedha na dhahabu peke yake, nao unapendwa na wengi kwa kuwa unapunguza uchovu. Sanduku lenye misalaba ya shaba na sarafu nzuri tu, bila kipande hata kimoja cha chuma, linasema wazi kwamba mwenyewe alifunga sikio moja. Hasara yake ni kubwa mno katika nchi ambako jembe, shoka na mkuki vilikuwa mali, mahari na fahari ya mhunzi. Jembe lililofuliwa kwa chuma cha tanuri la udongo hutambulika hata likiwa limeliwa na kutu: kutu yake huachia kwa matabaka, yenye nyuzi zinazofuatana kama za ubao wa mti, kwa sababu mavi ya chuma, yaani takataka za kuyeyushia ambazo nyundo haikuzimaliza, yalitandazwa ndani ya bamba wakati wa kufuliwa. Bati la kiwandani la miaka ya baadaye huliwa kwa vishimo vilivyotawanyika bila mwelekeo. Mtafutaji aliyeweka vipande hivyo viwili katika vifuko tofauti, na akaokota pia donge la mavi ya chuma lisilo na bei sokoni akaliandika mahali pake, alikuwa bingwa, na mwenzake anaweza kusema hivyo bila kumpendelea.

Shaba ndiyo inayovuta macho, na hasa misalaba iliyoletwa kutoka machimbo ya Katanga, inayojulikana pia kwa jina la handa. Uchimbaji wa kiakiolojia katika bonde la Upemba, juu zaidi katika mto huohuo wa Lualaba, ulioanzishwa mahali paitwapo Sanga mwaka 1957 na Jacques Nenquin na kuendelezwa na Pierre de Maret, uliikuta misalaba hii makaburini pamoja na wafu, na ulionyesha kwamba kadiri karne zilivyopita ilizidi kuwa midogo na kufanana vipimo, jambo linaloashiria kuwa ilikuwa inageuka fedha ya matumizi. Msalaba wa kweli huwekwa kiganjani na kugeuzwa polepole kwenye mwanga wa pembeni. Ulimiminwa katika kalibu iliyo wazi, kwa hiyo nyuso zake mbili hazifanani: wa chini hubeba alama za punje za mchanga, na wa juu una mikunjo na vilengelenge vya shaba iliyopoa ikiguswa na hewa. Msalaba wenye nyuso mbili zinazolingana, au kingo zenye mistari iliyonyooka ya msumeno, ni wa juzi. Ukoga wa kijani ulioota kwa miaka mingi umeshikamana na metali na hautoki kwa ukucha, ilhali ule uliopakwa kwa siki na chumvi hufunika mashimo na vilele kwa rangi moja na kuacha unga mkononi. Unga wa kijani kibichi sana unaochipuka upya baada ya kufutwa ni ugonjwa wa shaba unaoletwa na chumvi, na kitu hicho hutengwa na vingine na kuwekwa pakavu. Aliyeusugua msalaba mpaka ukang'aa ameupunguzia thamani kwa namna isiyorekebishika, na hata urafiki wa miaka mingi hauruhusu kosa hilo kupitwa kimya.

Risasi na sarafu huchukua muda mfupi zaidi. Gololi ya risasi iliyo mviringo kamili, yenye mshono wa kalibu, haikupigwa. Iliyobapa iligonga kitu. Maganda ya shaba ya bunduki za Albini yanaelekeza kwa askari wa Dola Huru, na gololi kwa magobori ya wapinzani wao. Sarafu za shaba zenye tundu katikati zilianza kutolewa na Dola Huru mwaka 1887, na ile ya pembe sita ya faranga 2, yenye tembo, ni ya 1943. Kila moja husema tabaka ilimolala haliwezi kuwa la kabla yake, wala haisemi zaidi ya hapo.

Lililo gumu zaidi kupima ni vile ambavyo marehemu aliviacha ardhini. Sheria ya Kongo ya mwaka 1971 ya kulinda mali za utamaduni inataka idhini ya serikali kwa uchimbaji wa vitu vya kale, na mahali penye makaburi hapachimbwi kwa udadisi wa mtu yeyote. Aidha, Maniema ya kusini imepitiwa na vita vya miaka ya 1960 na vya 1996 na kuendelea, hivyo sauti kubwa na nzito ya chuma inaweza kuwa bomu lisilolipuka, nayo huachwa, ikawekewa alama na kuripotiwa. Daftari lenye maneno "imesikika, haikuchimbwa", pamoja na sababu, lina heshima kuliko lenye hazina. Huko Kasongo-Tongoni, makazi ya zamani ya wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu, Noemie Arazi na wenzake, Wakongo wengi miongoni mwao, walichanganya uchimbaji na masimulizi ya wenyeji na kuchapisha matokeo yao mwaka 2020. Sauti zilizoachwa bila kuguswa ndizo zinazowapa watafiti kama hao ardhi ambayo bado inaweza kuulizwa.

Mapitio yakiisha, mwenzake aliyebaki huandika orodha ya vitu vyote, vile vibovu vikiwemo, akitenganisha kwa wino wa rangi mbili maneno ya marehemu na nyongeza zake mwenyewe, ili msomaji wa baadaye asidhani mkono mmoja uliandika yote. Pale daftari linaponyamaza, nafasi huachwa wazi, hata kama mwenzake anadhani anakumbuka siku ile na shimo lile. Sanduku, daftari na orodha hukabidhiwa pamoja kwa taasisi ya makumbusho, kwa hati iliyotiwa sahihi na warithi, na katika safu ya aliyekipata, mbele ya kila kitu, huandikwa jina la marehemu.