Mfilisi au Muflisi: Nani Amefikishiwa Hati?

Rasimu ya tafsiri ya fomu za mahakama zihusuzo ufilisi imeletwa mezani petu ili tuipitie. Mfasiri wake ana Kiswahili kizuri, na sehemu ya viapo tusingeibadili hata neno. Lakini palipo na maagizo ya kumpa mdaiwa nyaraka, pana makosa mawili yawezayo kumpotezea mtu haki yake.

La kwanza ni "huduma ya hati", na kitenzi chake "kuhudumiwa". Anayehudumiwa ni mgonjwa au mgeni. Aliyeletewa notisi kwamba asipolipa atafilisiwa hakuhudumiwa kitu. Wengine husema "kupeleka". Neno hilo si baya, ila laishia njiani: tarishi aweza kupeleka hati, akakuta nyumba imefungwa, akarudi nayo. "Kukabidhi" nalo limezidi, maana ladai mkono wa kupokea, ilhali sheria ya mwenendo wa madai ya Tanzania huruhusu, kwa masharti yake, hati ibandikwe mlangoni. Hapo hakuna aliyekabidhiwa, lakini kisheria hati imefika. Tunaonelea basi kwamba "kufikisha", na nomino "ufikishaji", ndiyo yafaayo. Siku za notisi ya kufilisi huhesabiwa tangu imfikie mdaiwa, si tangu itoke kwa karani.

Kosa la pili ni zito zaidi. Rasimu hutumia "mfilisi" mara kwa aliyefilisika, mara kwa msimamizi wa mali yake. Chanzo twakijua. Kwa Kiarabu tumepata "muflisi", aliyeishiwa. Na katika kitenzi "filisi" tumeunda "mfilisi", atendaye. Yanakaribiana mno masikioni, na wapo waandikao "mufilisi" kwa yote mawili. Basi fomu isemapo "mfilisi afikishiwe nakala", tarishi aende kwa nani? Mahakama ikishamtangaza mtu kuwa amefilisika, mali yake huwa chini ya msimamizi. Hati ya dai juu ya mali hiyo ikiishia kwa mwenyewe wa zamani, msimamizi hatajua lolote, na wadai wengine wataumia pamoja naye. Na kwa kuwa mwaka 2021 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, karani asitegemee tena kuchungulia nakala ya Kiingereza.

Twapendekeza "mfilisi" abaki kuwa msimamizi, na aliyetangazwa aitwe "mfilisiwa", kwa mfano wa mshtaki na mshtakiwa, mdai na mdaiwa. "Muflisi" libaki sokoni, ambako halimkoseshi mtu shauri.

Limebaki jambo moja dogo, ingawa mwenye kuandikiwa hataliona dogo. Notisi ya kwanza kabisa katika rasimu imeanza kwa maneno "Kwa Muflisi". Wakati huo mahakama haijamsikiliza, na huenda akalipa kesho. Iandikwe "Kwa Mdaiwa".