Mboga Inayobeba Sahani
Mtu akiacha ugali na wali ili apunguze wanga, kisha akavirudia kabla ya wiki kwisha, usiharakishe kumwita mlegevu. Mara nyingi kilichomwangusha ni mboga. Ugali ukiwa umejaa sahani, mboga haidaiwi mengi: kazi yake ni kulainisha tonge literemke. Mchicha uliochemka mpaka ukapoteza rangi unavumilika, na kabichi inayoogelea kwenye maji yake inavumilika, kwa kuwa wa kushibisha yupo. Punguza ugali ubaki kipande cha ngumi, na mboga ile ile inabaki mbele yako haina pa kujificha.

Ndiyo maana nausifu upishi wa karai na moto mkali, ule wa kukata vidogo na kugeuza haraka, ambao Wachina wameulea kwa karne nyingi. Kwao wali mweupe hukaa kwenye bakuli lake, na kitoweo kimekolea kivyake. Ukiuondoa wali, kitoweo hakipungukiwi na kitu. Mwaka 1945, Buwei Yang Chao, mwanamke wa Kichina aliyesomea udaktari Japani, alichapisha Marekani kitabu cha mapishi, *How to Cook and Eat in Chinese*, kilichowafungulia wasomaji wengi wa Kiingereza mlango wa upishi huu. Nafurahi kwamba mlango huo ulifunguliwa na daktari.

Siri yote imo katika kuyashinda maji. Maji huchemka kwenye nyuzi joto 100, na maadamu yametuama karaini, chakula hakipati joto kubwa kuliko hapo. Ile rangi ya hudhurungi na ile harufu inayomtoa mtu chumbani kuja kuuliza kinapikwa nini huanza kuja kwa kasi kwenye nyuzi kama 140. Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza chanzo cha mabadiliko hayo mwaka 1912: sukari na chembe za protini hukutana kwenye joto na kuzaa ladha mpya. Kwa hiyo ukimimina mboga zinazotiririka maji ya kuoshea, au ukijaza karai mpaka ukingoni, unachemsha, hata kama mafuta ni mengi na umeliita pishi lako la kukaanga.

Jiko la gesi la nyumbani halina moto wa mgahawa. Basi tusilipe kazi ya mgahawa. Nyama robo kilo kwa mkupuo mmoja inatosha. Ikizidi, gawa mara mbili. Mboga zioshwe mapema, zichujwe, zikaushwe kwa kitambaa safi. Karai liwekwe motoni tupu kwanza, mpaka tone la maji likidondoka lipotee papo hapo, ndipo mafuta ya karanga au ya alizeti yazungushwe ukutani mwake.

Kabla ya hapo, hata hivyo, kuna ubao na kisu, na hapa ndipo ufundi wenyewe ulipo. Chukua steki. Ikikaa kwenye friza nusu saa inakaza kidogo, kisu hakitelezi. Itazame: utaona nyuzi zinazokwenda upande mmoja. Kata kwa kuzikatisha, vipande vyembamba viwezavyo, ili kila kipande kibaki na nyuzi fupi ambazo jino halizihangaikii. Ukikata kwa kuzifuata nyuzi, hata nyama nzuri inakuwa ya kutafuna na kuvuta. Changanya na sosi ya soya kidogo, pilipili manga, na kijiko kimoja cha chai cha unga laini wa wanga wa mahindi. Wako watakaoshtuka kusikia wanga. Kijiko hicho kina gramu mbili na nusu hivi, tena kwa karai zima, na ndicho kinachoizuia nyama isitoe maji yake yote. Afadhali mashaka hayo yaelekezwe kwenye sosi tamu za chupa. Kijiko kikubwa kimoja tu cha tomato sosi kina sukari kama gramu nne, na hakuna anayeishia kimoja.

Nyama itandazwe karaini na iachwe, dakika nzima, bila kuguswa. Mkono unawasha kutaka kugeuza, uzuie. Ikishika rangi upande wa chini, igeuze mara chache na uitoe ikiwa bado haijaiva sawasawa, maana itarudi. Halafu tangawizi na kitunguu saumu, kwa sekunde tu, kwani saumu iliyoungua huharibu pishi zima kwa uchungu. Kisha karoti na maharage machanga, kisha pilipili hoho na uyoga.

Chainizi, mboga ya majani ambayo masokoni Dar es Salaam haikosekani, nataka kuisema peke yake. Tenga mabua na majani. Mabua yakiingia karaini utasikia mlio mkali, mkavu; ukigeuka kuwa wa kububujika, moto umeshindwa au umezidisha mboga. Tazama weupe wake wa unga ukigeuka kung'aa. Majani hufuata mwishoni, yanyong'onyee tu, yabaki na kijani kilichoiva kuliko kile cha sokoni. Nyama irudi, sosi ya soya imwagwe pembeni mwa karai ipate kuungua kidogo, na matone machache ya mafuta ya ufuta yawekwe moto ukishazimwa. Ufuta huo ni wetu: Lindi na Mtwara wanaulima kwa wingi, na China ni miongoni mwa wanunuzi wake wakubwa.

Kuhusu mizani ya mlo: gramu 100 za wali mweupe uliopikwa zina wanga kama gramu 28, uzito huo huo wa kabichi mbichi una gramu sita hivi, na zaidi ya mbili kati yake ni nyuzinyuzi. Nusu ya sahani au zaidi iwe mboga, robo iwe nyama, kuku, samaki au mayai, na mafuta yasiogopwe, kwani vitamini A inayopatikana kwenye karoti na majani mabichi huhitaji mafuta ili mwili uichukue. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari azungumze na daktari wake kabla ya kupunguza wanga kwa ghafla; sukari inaweza kushuka kupita kiasi, na hilo ni la hatari.

Nyumba nyingi zina watu wa mahitaji tofauti, na karai hili linawatosheleza. Mtoto aliyerudi shuleni na njaa achote wali, kijana anayebeba mizigo achote zaidi, na mama anayeangalia sukari yake ajaze sahani kitoweo, aongeze yai lililovurugwa karai likiwa bado la moto. Maandalizi yanachukua nusu saa, moto hauzidi dakika kumi, na gesi inadumu.